Proserpina Barazani: Uhakiki wa Maonyesho ya Sanamu za Jeff Koons katika Palazzo Vecchio, Florence, 2015

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maonyesho ya sanamu mbili za msanii Mmarekani Jeff Koons yaliyofanyika mwaka 2015 katika Palazzo Vecchio, jengo la kale la serikali ya mji wa Florence nchini Italia. Hoja kuu ni kwamba sanamu inayowekwa katika nyumba ya utawala haichagui majirani zake wala haiwezi kuikwepa historia ya mahali iliposimamishwa. Kwa msingi huo, makala yanadai kwamba sanamu ya nje, Pluto and Proserpina, ilishindwa kwa kuingia katika mfululizo wa sanamu za wanawake waliotekwa na kuuawa bila kuukabili mfululizo huo. Sanamu ya ndani, Gazing Ball (Barberini Faun), ilifanikiwa, pengine kuliko ilivyokusudiwa, kwa sababu ya jirani iliyempata.

1.0 Utangulizi

Mnamo Septemba 2015, mbele ya mlango wa Palazzo Vecchio, ilisimamishwa sanamu ya chuma kisichoshika kutu, iliyong'arishwa hadi kuwa kioo na kufunikwa utando wa rangi ya dhahabu. Kimo chake kilizidi mita 3. Inamwonyesha Pluto, mungu wa kuzimu katika visasili vya Kirumi, akimbeba Proserpina aliyemteka. Sanamu hiyo ilipambwa kwa mimea hai yenye maua. Ndani ya jengo, katika orofa ya pili, ukumbi uitwao Sala dei Gigli ulipokea sanamu nyingine ya msanii huyohuyo: umbo la plasta nyeupe la fauni aliyelala, pamoja na tufe la kioo cha buluu linalong'aa. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yenyewe. Sanamu mbili, moja nje na moja ndani, chini ya usimamizi wa mhakiki wa sanaa Sergio Risaliti, yakiambatana na maonyesho makubwa ya kibiashara ya vitu vya kale ambayo mji huo huyaandaa kila baada ya miaka miwili.

Uchache huo ndio unaoyafanya yastahili uhakiki wa peke yake. Mwaka 2014, jumba la makumbusho la Whitney mjini New York lilimwonyesha Koons kwa wingi wa kazi zake, na katika mazingira kama hayo sanamu hupimwa kwa sanamu nyingine ya mkono uleule. Koons hujibizana na Koons. Ukuta ni mweupe, na ukuta mweupe hauna la kusema. Florence ilimnyima faraja hiyo. Sanamu zake ziliwekwa kando ya kazi ambazo zilipandishwa, zikashushwa, zikahamishwa na hata kurushiwa mawe kwa sababu za kisiasa.

Inafaa kusema neno moja kuhusu istilahi. Kiswahili kinatumia uchongaji kwa sanaa ya sanamu, na neno hilo linabeba panga, tindo na gogo: mchongaji huondoa kisichotakiwa mpaka kinachotakiwa kibaki. Koons hachongi. Kazi zake hutoka katika karakana yenye mafundi wengi wanaopima umbo kwa vifaa vya kidijitali, kisha wakalitengeneza upya kwa chuma au plasta kwa usahihi wa kustaajabisha. Kwa hiyo makala yanatumia neno sanamu kwa kazi yenyewe na neno uundaji kwa namna ilivyopatikana. Hii si lawama. Mtu anayeilaumu kazi ya Koons kwa kutoguswa na mkono wake analaumu jambo ambalo msanii mwenyewe hajawahi kulificha.

Nadharia inayoongoza uhakiki huu ni Nadharia ya Upokezi, hususani dhana ya upeo wa matarajio iliyoasisiwa na Hans Robert Jauss. Dhana hiyo iliundwa kwa ajili ya msomaji aliyeketi na kitabu, ilhali mtazamaji wa sanamu uwanjani husimama, huzunguka, hupigwa jua na husukumwa na watalii. Hata hivyo, inafaa kwa jambo moja muhimu: inatukumbusha kwamba kazi mpya hupokelewa kwa kipimo cha kazi zilizotangulia, na kwamba mpokeaji huja akiwa tayari na matarajio hata kama hajui ameyapata wapi. Uhakiki umeegemea picha na maelezo yaliyochapishwa ya maonyesho, pamoja na historia ya jengo na sanamu zake za kudumu. Mng'aro wa dhahabu chini ya jua la adhuhuri hauwezi kupimwa kikamilifu kwa picha, na pale hoja inapotegemea mng'aro huo mhakiki amejizuia kwenda mbali.

2.0 Jengo na Baraza Lake

Ujenzi wa Palazzo Vecchio ulianza mwaka 1299, na kwa kawaida usanifu wake huhusishwa na Arnolfo di Cambio. Liliwekwa kwa ajili ya viongozi wa jamhuri, ambao walishika madaraka kwa miezi miwili tu na katika muda huo walilala na kula humohumo ndani. Kuta zake nene na mnara wake mrefu vinaonyesha kwamba serikali ile haikuwaamini sana wananchi wake, wala wananchi haikuiamini sana serikali. Mwaka 1540 Duke Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici alihamia humo na kuifanya nyumba ya jamhuri kuwa nyumba yake. Kati ya 1865 na 1871, Florence ilipokuwa mji mkuu wa Italia, bunge liliketi katika ukumbi wake mkubwa. Leo sehemu yake ni makumbusho, na sehemu nyingine ni ofisi za manispaa na ukumbi wa madiwani. Halijawahi kustaafu.

Mbele ya ukuta wake palijengwa, mwaka 1323, jukwaa la mawe lililoitwa arengario. Jina hilo linatokana na kitenzi cha Kitaliano chenye maana ya kuhutubia. Hapo ndipo viongozi walipoketi siku za sherehe, ndipo matangazo yaliposomwa, na ndipo wananchi waliokusanyika uwanjani walipotakiwa kuitikia au kunyamaza. Jukwaa lenyewe lilivunjwa mwaka 1812. Kilichobaki ni ngazi na safu ya sanamu zinazolinda ukuta. Hata hivyo, jina limedumu, na kila sanamu inayowekwa hapo bado husemwa kuwa imewekwa juu ya arengario.

Kiswahili kina neno linaloliweka jambo hili wazi kuliko lugha nyingi. Baraza ni kiti cha mawe au udongo mbele ya nyumba. Ni wale wanaoketi juu yake na mazungumzo yao. Ni chombo cha serikali pia, tangu baraza la mtaa hadi baraza la mawaziri. Mahali, watu na mamlaka vimo katika neno moja. Arengario lilikuwa baraza kwa maana zote tatu, na anayepandisha kitu barazani, hata kwa miezi michache, anatarajiwa kuwa na la kusema mbele ya wenye nyumba. Hilo ndilo tarajio ambalo makala yanalitumia kama kipimo. Halikubuniwa na mhakiki. Limo katika mawe.

3.0 Yudithi Anayehamishwa

Miongoni mwa sanamu zilizopewa kazi ya kisiasa mbele ya jengo hilo ilikuwamo Yudithi na Holoferne ya Donatello. Ni kazi ya shaba nyeusi ya katikati ya karne ya 15, iliyokuwa katika bustani ya jumba la akina Medici. Yudithi, mjane wa Kiyahudi, amemshika kwa nywele Holoferne, jemadari aliyelewa chakari, na ameinua upanga kumkata shingo. Medici walipofukuzwa mwaka 1494, wananchi waliichukua sanamu hiyo na mwaka 1495 wakaisimamisha mbele ya jengo la serikali, wakaandika kwenye kitako chake kwamba wananchi wameiweka kuwa mfano wa wokovu wa umma. Sanamu ileile iliyoburudisha wageni wa tajiri sasa ilimtisha tajiri. Shaba haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali.

Haikudumu. Januari 1504 liliitishwa baraza la raia na wasanii wapatao 30, miongoni mwao Leonardo da Vinci na Botticelli, kuamua Daudi ya Michelangelo iwekwe wapi. Wapo waliojali mvua na marumaru wakapendekeza Loggia, lile jengo la matao lililo pembeni mwa uwanja. Wa kwanza kusema, mpiga mbiu wa serikali, alijali jambo jingine. Alisema Yudithi iondolewe: ni ishara ya mauti, ilisimamishwa chini ya nyota mbaya, na haifai mwanamke aonekane akimuua mwanamume. Daudi ilichukua nafasi yake. Yudithi ikapelekwa ndani uani, kisha Loggia. Miaka ya 1580, Giambologna alipomaliza kundi lake la marumaru la mwanamke anayenyakuliwa na mwanamume, linalojulikana kama Utekaji wa Msabini, Yudithi ilisogezwa tena ili kulipisha. Kabla ya hapo, mwaka 1554, Cosimo alikuwa amekwisha kumsimamisha Perseus wa Cellini katika matao hayohayo, akiwa amekanyaga mwili wa Medusa na kuinua kichwa chake kinachovuja damu.

Mfululizo huo ulichambuliwa kwa ukali na mwanahistoria wa sanaa Yael Even mwaka 1991, aliyeiona Loggia kuwa ukumbi wa kuonyesha jinsi wanawake walivyotiishwa. Mtu anaweza kupunguza ukali huo kwa kusema kwamba ma-Duke walikuwa wakiituma jamhuri ujumbe, si wanawake: jamhuri ndiyo Medusa. Ni kweli. Lakini maelezo hayo yanathibitisha hoja badala ya kuidhoofisha, maana yanakubali kwamba palipohitajika umbo la kusema "tumewashinda", mwili uliochaguliwa ulikuwa wa mwanamke. Kwa njia hiyo, mwanamke anayeua aliondolewa mara mbili: mara ya kwanza kumpisha mwanamume shujaa, mara ya pili kumpisha mwanamke anayetekwa.

Isidhaniwe pia kwamba uwanja huo ulikuwa mpole kwa wengine. Daudi yenyewe ilirushiwa mawe usiku ilipokuwa ikisafirishwa. Hercules na Cacus ya Bandinelli ilipofunuliwa mwaka 1534 ilibandikwa mashairi ya kejeli, na Duke Alessandro akawafunga baadhi ya watunzi. Mji uliowahi kutunga mashairi ya jela juu ya misuli ya Hercules ni mji wenye haki ya kudai zaidi ya mng'aro.

4.0 Proserpina Uwanjani

Koons alipopandisha Pluto and Proserpina arengario, basi, hakuiweka mahali patupu. Kushoto kwa macho ya akili yalikuwapo majina yote hayo. Mbele ya macho ya kawaida zilikuwapo nakala ya Daudi iliyowekwa mwaka 1910, nakala ya Yudithi, na hatua chache tu, Perseus na Utekaji wa Msabini. Mada yake ni utekaji. Inakumbusha marumaru ya Bernini ya mwaka 1621 na 1622 iliyoko Galleria Borghese mjini Roma, ambamo vidole vya Pluto vinazama katika paja la Proserpina na machozi yanaonekana shavuni mwake. Kwa hiyo kwa mara nyingine mwanamke aliyetekwa alisimamishwa mbele ya nyumba ya serikali, safari hii kwa rangi ya dhahabu na maua.

Swali la haki ni kama sanamu ilijua ilipo. Utetezi wa kwanza ni wa umbo. Unasema kwamba mada ni kisingizio, kwamba kinachohusika ni miili miwili inayopanda ikizungukana na nuru inayoteleza juu yake. Giambologna angeukubali utetezi huu. Inajulikana kwamba kundi lake halikuanza na kisa. Alitaka kuonyesha anavyoweza kuunganisha miili mitatu katika mzunguko mmoja wa marumaru, na jina la Msabini lilibandikwa baadaye kazi ilipohitaji kupelekwa hadharani. Mfano huo hata hivyo unamgeuka anayeutumia. Giambologna aliruhusiwa kutofikiria kisa katika karakana. Mji haukumruhusu uwanjani. Mahali pa hadhara paliidai kazi jina, na jina likaifunga katika siasa ya mwajiri wake. Umbo tupu halijawahi kuishi katika uwanja ule hata siku moja.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi. Sanamu ya chuma kilichong'arishwa ni kioo. Anayeikaribia anajiona mwenyewe, amepinda na kuvutwa, ndani ya paja la Pluto au bega la Proserpina, na nyuma yake anaona mnara, mawingu na umati. Hakuna sanamu nyingine ya uwanja ule inayofanya hivyo. Daudi hamtazami mtu, anatazama mbali. Shaba ya Perseus hunywa nuru. Inaweza kudaiwa kwamba Koons aliirudisha kazi ya kale ya arengario, yaani kuwaweka wananchi juu ya jukwaa, kwa kuwafanya waonekane humo. Mhakiki aliutafakari utetezi huu kwa muda mrefu na anakiri kwamba nusu yake ni sahihi. Tatizo ni kile ambacho kioo kinamfanyia mtazamaji. Katika kisa cha Proserpina yumo mtekaji, yumo mtekwa, na yupo mama, Ceres, anayezunguka dunia akimtafuta mwanawe. Kioo kingeweza kumuuliza mtazamaji yeye ni nani kati yao. Badala yake kinampa taswira yake ikiwa imepambwa kwa dhahabu, na kumpa sababu ya kuinua simu. Anajiona, haulizwi. Baraza ambalo kila mtu anajiona na hakuna anayeulizwa neno ni baraza la namna gani?

Utetezi wa tatu ni wa maua, na ajabu ni kwamba huenda hakuna aliyeutumia ipasavyo. Katika kisasili, Proserpina alikuwa akichuma maua ardhi ilipopasuka. Kutekwa kwake ndiko kunakoeleza majira: akishuka kuzimu mimea hufa, akirudi huchipua. Maonyesho yalifunguliwa Septemba na kuendelea katika miezi ambayo majani hupukutika, yaani katika msimu ambao kisa chenyewe kinamtaka Proserpina awe anashuka. Lau mimea ile ingeachwa inyauke mbele ya wapita njia wiki baada ya wiki, chuma kikibaki kinang'aa vilevile, Florence ingepata sanamu kali ya uombolezaji barazani, na dhahabu isiyonyauka ingeanza kuonekana kama ukatili. Lakini maua katika kazi hii ni ya kutunzwa na kumwagiliwa. Ni pambo. Yamewekwa ili uzuri uwe hai, na uzuri unaofanywa kuwa hai namna hiyo unaficha kwamba anayebebwa hataki kubebwa.

Maonyesho yalitangazwa kuwa mazungumzo kati ya sanaa ya sasa na Renesansi. Kauli hiyo imezoeleka mno katika miji ya kale ya Ulaya, na si Florence peke yake yenye kuitumia. Versailles ilimpokea Koons mwaka 2008 kwa maneno yasiyotofautiana sana. Mazungumzo ni pamoja na kusikia upande wa pili. Majirani wa Proserpina walikuwa wakisema jambo mahususi kwa karne tano, na fremu ya ufundi, nuru na uzuri haikumwezesha mtazamaji kulisikia. Mhakiki hadai kwamba Koons alikusudia kumdhalilisha yeyote. Anadai jambo ambalo pengine ni zito zaidi: kwamba kusudi la msanii halikuwa na uzito pale alipoiweka kazi yake, na kwamba waliolimiliki jengo walikuwa na wajibu wa kumweleza hivyo.

5.0 Fauni Chini ya Upanga

Ndani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Sala dei Gigli, yaani Ukumbi wa Mayungiyungi, una kuta za buluu zilizotapakaa mayungiyungi ya dhahabu, na juu ya ukuta mmoja Domenico Ghirlandaio alichora, miaka ya 1480, Mtakatifu Zenobio akiwa pamoja na mashujaa wa Roma ya jamhuri, akiwemo Brutus na Cicero. Chumba cha pembeni kilikuwa cha makarani wa serikali. Humo ndimo Niccolò Machiavelli alipofanyia kazi kuanzia 1498 hadi 1512. Na katikati ya historia hiyo yote imesimama Yudithi ya Donatello, ile ya asili, iliyoingizwa humo baada ya kukarabatiwa miaka ya 1980. Safari zake zimeishia hapo, juu, nje ya uwanja, lakini ndani ya nyumba.

Kando yake Koons aliweka Fauni wake. Sanamu ya asili ni marumaru ya zama za Kiyunani iliyopatikana Roma katika karne ya 17, ikamilikiwa na akina Barberini, na sasa iko Munich. Fauni ni kiumbe wa msafara wa Bacchus, mungu wa mvinyo. Amelala kwa ulevi, mkono mmoja nyuma ya kichwa, mapaja yamepanuka, hana habari ya dunia. Koons ameurudia mwili huo kwa plasta nyeupe isiyo na doa na kuuongezea tufe la kioo cha buluu, la aina inayopamba bustani za nyumba za kawaida huko Pennsylvania alikokulia. Katika mfululizo wote wa Gazing Ball, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 2013, tufe hilo hufanya kazi ileile: ni pambo la jirani wa kawaida lililopewa kiti kando ya miungu. Katika chumba cheupe, hila hiyo hueleweka baada ya sekunde chache na kuchosha baada ya dakika chache.

Katika Sala dei Gigli haikuchosha, kwa sababu ya jirani. Tuhesabu kilichokuwamo. Mwanamume mmoja mlevi, wa shaba, shingo imeinama, nywele zimeshikwa, upanga umeinuliwa juu yake. Kitako kinachowabeba Yudithi na Holoferne kimechongwa pande zake tatu taswira za watoto wenye mabawa katika karamu ya Bacchus, wakivuna zabibu, wakikanyaga, wakilewa. Kisha, hatua chache, mwanamume mwingine mlevi, wa plasta, wa msafara wa Bacchus huyohuyo, amelala na shingo yake wazi. Hahitaji mtu kuwa na shahada ili auone uhusiano. Holoferne ni Fauni aliyefikiwa. Fauni ni Holoferne ambaye bado hajafikiwa.

Ghafla plasta, ambayo kwa kawaida huonekana ya bei nafuu kando ya marumaru, inapata maana: ni laini, inavunjika, inakatika. Usingizi ambao watazamaji wa karne nne wameusifu kwa uzuri unaanza kuonekana kama uzembe wa mwenye nguvu anayejiona salama. Na tufe, kwa tabia ya umbo lake, hukusanya chumba kizima katika uso mdogo: kuta za buluu na dhahabu zinaingia katika buluu yake, anaingia mtazamaji, anaingia Yudithi na upanga wake. Nje, kioo kilimpamba mtazamaji. Ndani, kinamweka kati ya mlevi na mwenye upanga, mdogo kama punje, na hapo anaweza kuulizwa swali ambalo Pluto hakumuuliza: amesimama upande gani?

Kuna pingamizi kwamba mafanikio haya ni ya Donatello, si ya Koons. Pingamizi linakubalika kwa sehemu kubwa. Fauni yuleyule akirudishwa katika ukumbi wa kuuzia sanaa, ataurudia usingizi wake na tufe litakuwa pambo tena. Lakini msanii anayekubali kazi yake ikae chini ya upanga wa mwingine amechangia kitu, na mwenye kuchagua chumba kile, miongoni mwa vyumba vingi vya jengo lile, naye amechangia. Mwaka 2010 fuvu la platinamu lililojazwa almasi la Damien Hirst lilionyeshwa katika jengo hilohilo, likazungukwa na giza na ulinzi, na kwa sababu ya giza hilo jengo lilitoweka. Fuvu lingeweza kuwa popote. Fauni hakuwa popote. Alikuwa pale.

Tathmini ya ujumi inayotenganisha kazi na mahali pake, ambayo bado inatawala mijadala yetu ya sanaa za maonyesho, haiwezi kuieleza tofauti hii. Sanamu mbili za msanii mmoja, mwaka mmoja, jengo moja, zote zikinakili kazi ya kale, zote zikitumia kioo. Kwa ubora wa utengenezaji, ile ya nje ni ngumu zaidi kuunda na ghali zaidi. Ile ya ndani ndiyo iliyozungumza.

6.0 Baada ya Koons

Maonyesho ya 2015 yalifungua mlango. Mwaka 2017 Urs Fischer alisimamisha katikati ya uwanja huohuo donge la alumini la kimo cha mita 12 hivi, umbo la udongo uliofinywa kwa kiganja na kukuzwa. Wapo waliolicheka, na walikuwa na haki ya jadi ya mji wao. Lakini juu ya arengario Fischer aliweka pia sanamu mbili za nta zenye umbo la watu halisi wa ulimwengu wa sanaa wa Italia, mmoja wao akiwa mwandaaji wa maonyesho hayo na mwingine mfanyabiashara wa sanaa, zikiwa na tambi na kuwashwa kama mishumaa. Ziliyeyuka mbele ya watu. Kwa mtazamo wa uhakiki huu, nta ile ililielewa jukwaa kuliko dhahabu ya Pluto: ilipandisha barazani wenye uwezo wa kupandisha wengine, ikawaacha wawake.

Linabaki swali dogo la kiutendaji ambalo waandaaji wa maonyesho ya namna hii, popote penye jengo la serikali lenye sanamu zake za kudumu, watalazimika kulijibu. Ingekuwaje lau Koons angebadilishana nafasi kazi zake, Fauni akalala nje mbele ya mlango wa ofisi za mji, chini ya upanga wa nakala ya Yudithi, na Proserpina akapandishwa ndani mbele ya Yudithi ya asili, mwanamke aliyetekwa mbele ya mwanamke aliyejikomboa? Jibu la haraka ni kwamba plasta haistahimili mvua ya Novemba. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo hasa linalosikitisha: mpangilio ambao uliamua mji uone nini kutoka barazani kwake unaelezeka kwa hali ya hewa na uimara wa chuma, ilhali mwaka 1504 raia 30 walioitwa kujadili suala lilelile la mvua na marumaru hawakumaliza kikao bila mmoja wao kuuliza ni nani anayeuawa, na ni nani anayeua.